Munywani wa Diwani

Chama cha Ustawi wa Wakulima kilizaliwa Rubwera, wilayani Kyerwa, katika chumba cha nyuma cha duka la pembejeo, na mwaka wake wa kwanza watu walikicheka waziwazi. Jina lilikuwa refu na bendera ilikuwa na mgomba mmoja katikati, basi wenyeji wakalifupisha jina, wakakiita Mgomba. Kwa kuwa sheria haitaki chama cha mkoa mmoja, kilikuwa na ofisi Dodoma pia, chumba chenye meza na mlinzi aliyepata usingizi mwingi. Lakini chama chenyewe kilikuwa huku, kwenye vibanja vya migomba vya Kyerwa, na huku ndiko kilikokulia.

Mwaka wa pili hakuna aliyekicheka. Uchaguzi wa vijiji ulipofika, Mgomba kilizoa Kyerwa karibu yote, kikavuka kuingia Karagwe, kikachukua kata ya Ndama na za jirani, moja baada ya nyingine. Wazee waliokuwa na kofia za chama cha zamani wakazitundika ukutani kwa heshima, wakaanza kuulizia kadi mpya kwa sauti ya chini. Wake zao walikuwa nazo tayari, zimefichwa chini ya godoro, na hawakuona sababu ya kuwaambia.

Siri ya Mgomba haikuwa siri. Hakikuwa na malori, hakikuwa na spika, wala hakikuleta wanamuziki kutoka mjini. Wagombea wake walipita kwa miguu katikati ya migomba, nyumba kwa nyumba, jioni watu wakiwa wamerudi kutoka shambani. Waliketi walipoonyeshwa, wakala walichopewa, wakasikiliza habari za bei ya kahawa, za barabara na za mnyauko wa migomba. Kisha mgombea mwenyewe, kwa kinywa chake, alimwambia mwenye nyumba: naomba kura yako. Kwa asiyetujua, jambo hilo ni dogo. Lakini sisi watu wa huku tunaona haya kuomba, na tunaona haya zaidi kumnyima mtu mzima aliyekaa kwenye kigoda chetu na kula ndizi zetu.

Aliyeleta utaratibu huo alikuwa mtu wa kata ya Ihembe, kule Karagwe, Elpidius Rwegasira, mkulima wa ndizi na kahawa, mwanakwaya wa kanisa Katoliki, mwenye sauti nzito na mapenzi makubwa ya kuisikia. Mwaka ule wa kwanza chama kilikuwa kimeshindwa uchaguzi mdogo wa kijiji kimoja cha Kyerwa kwa sababu mgombea aliiruka nyumba ya bibi mmoja, Nikuze, akidhani amezeeka na hatakwenda kupiga kura. Bibi huyo alikuwa amewazalisha nusu ya wanawake wa kijiji, na aliwaambia wote alivyorukwa. Kwenye semina ya Rubwera watu walipokuwa wakilaumiana, Elpidius alisimama akasema nyumba hairukwi, hata iwe ya mpinzani, na kuomba hakutumwi mtu. Ukumbi ukapiga makofi. Toka siku hiyo maneno yake yakawa sheria ya chama, na yeye alikuwa akiyarudia mbele ya kioo wakati wa kunyoa ndevu.

Basi chama kilipomteua kugombea udiwani wa Ihembe, kata iliyokuwa imekigomea Mgomba kuliko zote, alirudi nyumbani juu ya bodaboda akiimba sauti ya besi peke yake. Auleria, mkewe, alimpokea uani. Ni mwanamke asiyemkatiza mtu, kwa hiyo alimwacha amalize habari yote tangu mwanzo, makofi na hotuba na yote, ndipo akamuuliza anagombea dhidi ya nani.

Furaha ikamwishia pale pale. Diwani wa Ihembe kwa vipindi viwili, kwa tiketi ya chama cha zamani, alikuwa Abdulkarim mwenye duka pale senta. Na Abdulkarim alikuwa munywani wake.

Munywani si rafiki tu. Ni ndugu wa kuchanjiana. Babu yake Abdulkarim alifika Karagwe na mizigo ya vitambaa akitokea pwani, akaugua homa, wenzake wakamwacha. Babu yake Elpidius alimwokota njiani, akamlaza ndani, akamlisha mpaka akasimama. Alipopona wakanywana: walichanja ngozi karibu na kitovu, wakapaka damu kwenye punje mbili za buni zilizotoka ndani ya tunda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake. Undugu huo hurithiwa, na sharti lake kubwa ni moja tu. Munywani wako akikuomba kitu kwa kinywa chake, unampa. Sheikh aliwaambia ni ushirikina. Padri naye akawaambia hivyo hivyo, na familia zote mbili ziliwakubalia viongozi wao kwa adabu, zikaendelea na sharti lao.

Na halikuwa sharti la mchezo. Yule babu wa pwani aliomba mahali pa kujenga duka, akapewa siku hiyo hiyo kipande kizuri kuliko vyote, penye njia panda. Miaka mingi baadaye baba yake Elpidius, rubisi ikiwa imemkolea, alitamka kwamba anaomba baiskeli. Ikatolewa nje, baiskeli pekee ya nyumba ile, na baba yake Abdulkarim akawa anakwenda mjini Kayanga kwa miguu. Kulipokucha mlevi alitaka kuirudisha, lakini hakuna aliyejua utaratibu wa kurudisha, kwa sababu haikuwahi kutokea. Kuanzia hapo pande zote mbili zilishika adabu. Watoto walifundishwa kwamba kule hatuombi: tunanunua, tunaazima, au tunasema tu kwamba chumvi imetuishia na kuangalia pembeni. Elpidius na Abdulkarim walikuwa wamekua pamoja, wameozesha watoto pamoja na kuzika wazazi pamoja, na hawakuwahi kuombana hata kiberiti.

"Na huyu utamwomba kura?" Auleria aliuliza.

Elpidius alisema hapana. Alisema kiti cha udiwani anakitaka, hilo halina ubishi, lakini kama gharama yake ni Abdulkarim basi wampe mtu mwingine. Mtu hawezi kumwomba munywani wake ajipigie kura ya kujiangusha mwenyewe. Huko ni kuuchukua undugu wa mababu na kuufanya kamba ya kumfungia mtu. Alisema hayo kwa sauti yake nzito na aliyaamini kabisa. Kisha kampeni zikaanza, kichwa kikavimba kidogo kidogo, akasahau.

Lakini tusimwonee, kwa maana hata mimi kingenivimba. Kila nyumba aliyoingia walikuwa wanamngoja. Walimtolea viti vya wageni, wakamchinjia kuku, watoto wakaimba mgomba, mgomba. Watu waliokuwa hawamjui zaidi ya kwaya walianza kumwita mheshimiwa kabla hajapata uheshimiwa wenyewe. Jioni alirudi nyumbani tumbo limejaa ndizi za watu wengine, akamweleza Auleria jinsi alivyopokelewa, na Auleria alisikiliza akiwa anamsugua miguu kwa maji ya moto.

Aliyeandamana naye alikuwa Mackrine, katibu wa chama, binti wa Kyerwa aliyeacha kazi ya ualimu ili ajenge chama. Alikuwa na heshima nyingi na hakuwa na huruma hata kidogo. Kampeni zilipokaribia kufungwa alimkuta Elpidius anapalilia, akamwamkia shikamoo, akangoja marahaba, kisha akasema imebaki nyumba moja.

Elpidius alijua ni ipi. Alisema ile waiache, akamweleza yote, babu, buni na baiskeli. Mackrine alisikiliza kwa makini. Bibi yake mwenyewe aliwahi kumsimulia mambo kama hayo, alisema, na hakuyadharau.

"Lakini sheria ni ya kwako, mzee wangu," akasema. "Nyumba hairukwi, hata iwe ya mpinzani. Tuliwafukuza wengine kwa kuivunja."

Hapo ndipo Elpidius alipokosea. Angeweza kusema kwamba sheria ya chama haikujua habari za unywani alipoitunga. Angeweza kusema hapana tu, kwa kuwa yeye ni mtu mzima na kibanja ni chake. Lakini ilikuwa vigumu kwake kuyapinga maneno aliyoyapenda kiasi kile, tena yakisemwa vizuri na mtu mwingine. Akanawa mikono, akavaa koti.

Mwanamisi, mke wa Abdulkarim, aliwakaribisha sebuleni nyuma ya duka. Akaleta chai ya tangawizi na kisahani cha kahawa ya kutafuna, ile iliyochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo mgeni wa maana lazima aionje. Akamuuliza shemeji habari za Auleria na za migomba. Abdulkarim aliketi akiwa na kanzu safi na miwani yake ya kusomea, na kwa muda mrefu akaongea yeye. Aliongea habari za mvua. Aliongea habari za kijana wake Anwar aliyefungua duka Mwanza. Akasema jua limeshuka na njia ya kwa Elpidius ina utelezi. Akasema Auleria huenda anangoja. Akasema chai ya siku nyingine ni tamu zaidi. Alikuwa anamfungulia mlango baada ya mlango ili apite aende zake salama, na Elpidius aliiona yote.

Mackrine akakohoa kidogo.

"Munywani," Elpidius akasema, "naomba kura yako."

Mwanamisi aliweka birika chini. Abdulkarim aliiangalia mikono yake, akaigeuza, akaiangalia tena upande wa pili. Elpidius alitamani ayarudishe maneno, lakini yeye pia hakujua utaratibu wa kurudisha.

"Nimekupa," Abdulkarim akasema.

Kisha akawasindikiza mpaka barabarani, kama mtu muungwana anavyowasindikiza wageni, na njia nzima hakuonyesha kinyongo. Mackrine aliondoka akiwa na furaha kwamba Ihembe imekamilika. Elpidius alikwenda nyumbani, na Auleria alipomtazama usoni, siku hiyo hakumsugua miguu.

Uchaguzi ulipita kwa amani. Elpidius alishinda kwa kura nyingi mno, nyingi kiasi kwamba ile moja haikuongeza wala kupunguza lolote. Hilo ndilo lililomuuma. Kwenye kibanda cha kupigia kura hakuna anayeona, na hakuna anayejua mtu ameweka alama wapi, lakini yeye alijua kwa uhakika kwamba Abdulkarim, mgombea, alisimama pale peke yake akajikata mwenyewe kwa mkono wake. Kati ya kura zote alizopata, hiyo ndiyo pekee aliyoweza kuiona usoni.

Abdulkarim alikuwa wa kwanza kuja kumpa mkono. Alitabasamu, akamtakia kheri, akasema, "Hongera sana, Mheshimiwa." Hakusema munywani. Toka siku hiyo Elpidius alipopita dukani alipewa kiti na chai kama zamani, akaulizwa habari za nyumbani, akajibiwa vizuri, na kila jibu liliishia na Mheshimiwa. Hakukuwa na ugomvi. Walikuwa wamebakiwa na adabu tupu, na Elpidius akawa ana huzuni asiyoweza kumweleza mtu, kwa kuwa wote waliomzunguka walikuwa wanampongeza.

Mgomba kilikuwa kimechukua kila kata, Kyerwa na Karagwe pia. Kikao cha kwanza cha baraza pale Kayanga, madiwani walitazamana wakacheka, kwa sababu wote walikuwa wamevaa fulana za aina moja na hawakuwa na wa kumzomea. Ajenda ilisomwa, ikaungwa mkono, ikapigiwa makofi, na chai ilipoletwa wapishi walilaumiwa kwa kuchelewa. Vikao vilivyofuata vikawa vifupi zaidi. Watu wa Kayanga walisema hawajawahi kuona baraza lenye amani vile, na lilikuwa na amani kweli. Elpidius alipenda. Nani angekataa kuongea mahali ambapo kila sentensi yake inapigiwa makofi?

Ndipo akapata wazo la soko. Soko la Ihembe lilikuwa limebanana pale senta, wanawake wa ndizi wanapangana mpaka barabarani, pikipiki zinapita juu ya nyanya. Kule chini bondeni kulikuwa na uwanja mpana, sawa kama meza, unaotazamana na barabara ya Kayanga. Aliutembelea mara moja wakati wa kiangazi, akapiga picha kwa simu, akauleta barazani. Baraza likakubali kabla chai yake haijapoa.

Mkutano wa kijiji ulikuwa mkubwa. Elpidius alieleza mpango wote, akanyoosha mikono, akamaliza kwa sauti ile ya besi, "Ndugu zangu, naomba mniunge mkono." Mikono ikapanda yote. Nyuma kabisa, karibu na mlango, aliuona mkono wa Abdulkarim nao uko juu, na moyo wake ukafurahi kuliko alipotangazwa mshindi. Alijiambia mambo yamekwisha, tumepatana. Alirudi nyumbani akamweleza Auleria, na Auleria akasema ni vizuri, ila aliuliza kama Abdulkarim alisema neno lolote. Hakusema.

Soko likahamishwa. Mackrine alikuja kukata utepe, ngoma zikapigwa, na kwa majuma kadhaa mambo yalikwenda vizuri sana. Wanawake walipata nafasi ya kupanga mikungu yao kwa ukubwa, wanunuzi kutoka Mwanza waliegesha malori bila kutukanana, na Elpidius alipita kila siku ya soko akipewa ndizi za kuonja.

Masika ilipoingia, siku moja ya soko mvua ilinyesha asubuhi mpaka adhuhuri kwenye vilima vyote viwili, na maji ya vilima vyote viwili yakaja sokoni. Hayakuja kwa hasira. Yalipanda polepole, yakainyanyua mikungu ya ndizi, yakaanza kuisafirisha. Wanawake walipandisha kanga zao magotini wakaifukuza mali yao, wengine wanacheka na wengine wanalia, na mwuza dagaa mmoja alisimama juu ya meza akitangaza kwamba samaki wake wamerudi walikotoka. Hakuna aliyeumia, ila jina la diwani. Kufikia jioni watu walikuwa wameshalipa soko jina jipya, Ziwa Elpidius, na waliokuwa wanacheka zaidi ni wale walionyoosha mikono miwili.

Elpidius alisaidia kuvuta mikungu mpaka ya mwisho. Kisha, tope likiwa limemfika magotini, hakwenda nyumbani. Alipandisha kilima mpaka senta, akasimama mbele ya duka la Abdulkarim akiwa anachuruzika maji. Abdulkarim alimtazama, akaingia ndani, akatoka na kikoi kikavu na kigoda, akamwekea barazani. Wakakaa. Mvua ilikuwa imekatika.

"Ulijua?" Elpidius akauliza.

"Nilijua. Marehemu babu aliweka ghala la ngozi pale bondeni. Masika ya kwanza likaenda na maji."

"Mbona hukusema? Nilikuona, ulinyoosha mkono."

"Uliomba, Mheshimiwa."

 Aibu ilimpata Elpidius mwili mzima, na si kwa ajili ya soko. Aliona sasa kwamba alimfunga mtu huyu mara mbili, mara ya kwanza sebuleni kwake akijua, na mara ya pili mkutanoni bila hata kukumbuka. Kisha akawaza habari ya baraza, habari ya mkutano, habari ya wale wote wenye fulana. Wale hawakuwahi kumeza buni na mtu, lakini chama kilipokua hivi kila mmoja alikuwa amejifanya munywani wake. Kote Karagwe na Kyerwa hakukuwa na mtu wa kumnyima kitu Elpidius, na ndiyo maana alikuwa amekaa hapa na tope.

"Ile kura," akasema, "sikupaswa kuiomba."

"Hukupaswa," Abdulkarim akasema.

Lilikuwa neno la kwanza chungu Elpidius kulisikia tangu uchaguzi wa Oktoba, na lilimwingia vizuri, kama chai ya moto kwa mtu aliyelowa. Alilitafakari kidogo. Akajifunga kikoi sawasawa, akakaa wima, akasema ana ombi.

Mle dukani Mwanamisi, aliyekuwa anapima sukari, aliacha kupima. Abdulkarim alivua miwani yake taratibu, akaishika mkononi, akangoja.

"Naomba uwe unanikatalia," Elpidius akasema. "Nikikosea useme. Useme mkutanoni, mbele ya bendera na mbele ya wanaonipigia makofi. Na hata nikisema naomba, nikatalie. Sina mwingine wa kumwambia hivi."

 Abdulkarim alikuwa mtu aliyelelewa katika sharti moja maisha yake yote, na sasa anaombwa, kwa sharti lile lile, alivunje. Aliangalia barabara, akaangalia miguu ya Elpidius yenye tope, na mwisho mabega yake yakashuka, akacheka kicheko kidogo ambacho Elpidius hakuwa amekisikia tangu kampeni.

"Nimekupa, munywani," akasema.

Elpidius angeweza kulia, na huenda alilia kidogo, maana maji yalikuwa usoni tayari na hakuna aliyeweza kutofautisha. Furaha ikamrudishia sauti. Akapiga goti lake, akasema basi mambo ni mepesi, keshokutwa analirudisha soko hapa hapa senta lilipokuwa, na yataisha.

"Hapana," Abdulkarim akasema.

 Vizazi vitatu vya nyumba hizo mbili vilikuwa havijawahi kulisikia neno hilo likitoka upande wa pili.

"Hapana kwa nini?"

Abdulkarim akasema hapa senta panamfaa yeye na duka lake, hapawafai wanawake wa ndizi, na kama Elpidius anadhani atamfurahisha kwa kumrudishia wateja basi hajaelewa alichoomba. Soko liende juu, upande wa shule. Elpidius akasema juu ni mbali. Abdulkarim akasema si mbali, ila Elpidius ameanza kunenepa kwa ndizi za kampeni. Elpidius akasema kule hakuna choo. Abdulkarim akamuuliza diwani ni nani, na kazi ya diwani ni nini kama si kujenga choo, na kwa nini kikao cha baraza kinaisha kabla ya chai. Kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kusema. Alikuwa na mambo aliyoyaweka tangu uchaguzi, mengine ya tangu utotoni, likiwemo la baiskeli. Elpidius akapandisha sauti yake ya kwaya. Abdulkarim, ambaye hakuna mtu Ihembe aliyewahi kumsikia akipaza sauti, akapandisha ya kwake, na ikawa kubwa.

Watu waliokuwa wanarudi kutoka kwenye lile ziwa walisimama barabarani wakashika vichwa. Nyumba hizi mbili hazijawahi kutupiana neno baya tangu enzi za mababu, na sasa wazee wazima wanapigiana kelele barazani, mmoja amevaa kikoi cha mwenzake. Watu wawili wakatoka mbio kupitia migombani mpaka kwa Elpidius. Walimkuta Auleria uani, anamenya ndizi za jioni. Wakamwambia huku wakihema kwamba mumewe na munywani wake wanagombana vibaya, aje haraka awaamue.

Auleria hakusimama. Aliuliza ni nani anayezidi.

Wakasema Abdulkarim.

"Waacheni," akasema, akachukua ndizi nyingine. "Wamechelewa sana kuanza."